Siku Ruthu Alipokataa Kucheza

Chamwino nzima hakuna mwanamke aliyepiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, kama Ruthu. Akishaibana ngoma kati ya magoti, mabega yalijiendesha yenyewe, na hata mchungaji aliyekuja kukemea alijikuta anatikisa kichwa. Lakini mabega hayo hayakujua kutulia. Ukigonga sufuria tu, yanaitika.

Sasa alikuwa na saratani kwenye titi la kushoto, uvimbe mdogo kama punje ya karanga. Daktari Debora, binti wa kijiji cha Buigiri, alimweleza kwamba wako kwenye utafiti wa tiba isiyotumia kisu: mawimbi ya sauti yanakusanywa mahali pamoja, yanauunguza uvimbe ndani kwa ndani bila kuchana ngozi.

"Ila mama, ukitikisika, tunasimamisha mashine. Ukishindwa kabisa kutulia, tunarudi kwenye upasuaji."

Kisu Ruthu alikiogopa kuliko kifo, na hakuona aibu kukiri. Lakini kusikia sauti, akacheka. "Sauti ni kazi yangu, mwanangu."

Wenzake wa ngoma nao, waliposikia anatibiwa kwa sauti, walibeba ngoma zao wakaja mjini kumsaidia. Mlinzi wa hospitali akawazuia getini, nao wakamsema wee mpaka akachoka.

Ndani, Ruthu alilazwa kifudifudi. Mawimbi yenyewe hayakusikika hata kidogo. Kilichosikika ni mashine iliyokuwa ikiupiga picha uvimbe ndani ya mwili: du-du-du, du! Du-du-du, du! Mungu wangu, muheme mtupu! Mazoea yana taabu. Mabega yakaanza kuwasha. Akauma meno. Joto likamchoma kifuani, jasho likamtoka, na mashine, kama inayomchokoza, ikakoleza mdundo. Mwili mzima ukamlilia aupe ruhusa, mara moja tu, bega moja tu.

Huniwezi, aliiambia moyoni. Akalala kama gogo mpaka kimya kikarudi.

Debora alikuja na picha, machozi yakimlengalenga. "Uvimbe wote umeungua. Tutaendelea kukupima, lakini kisu hapana. Sijawahi kuona mtu aliyetulia hivi, mama."

Ruthu alitoka mwenyewe kwa miguu yake, kifua mbele. Getini wanawake wakamzunguka, kila mmoja anauliza lake.

"Tuambie basi, walikupigia ngoma gani huko?"

"Tamu kuliko zenu zote," akasema Ruthu. "Na sikucheza."