Rangi Niliyoificha

Mume wangu alichora korongo moja kwa miaka ishirini na sita. Watu walimwita Magenge, kwa zile kuta za mawe alizozichora, na jina likamganda hadi mama yake mzazi akawa analitumia. Alipokuja kwetu kuposa, mjomba alimwuliza anafanya kazi gani.

"Nachora korongo."

Mjomba akamtazama toka kichwani hadi viatuni. "Na ukishalimaliza?"

"Halimaliziki, mjomba."

Sebule nzima ikaangua kicheko, lakini yeye hakuwa anatania.

Mimi ni fundi cherehani. Tuligawana chumba kimoja cha kazi, mimi ukutani, yeye dirishani, na harufu ya rangi zake ikaingia mpaka kwenye nguo za wateja wangu. Kila mwisho wa kiangazi tulifunga safari hadi ukingoni mwa lile korongo. Ukichungulia chini, mto unauona kama uzi. Alikaa kwenye kigoda, turubai la kuchorea mbele yake, akingoja jua lishuke lipige ukuta wa upande wa pili. Hapo mawe yaliwaka kama makaa yaliyopulizwa.

"Tazama haraka, Bibie," alikuwa akiniambia. "Wekundu huu haukai."

Mimi nilikuwa namtazama yeye.

Ilianza na soksi. Alivaa moja nyekundu, moja ya kijani, nikamcheka. Wiki iliyofuata nilimwomba anisogezee uzi mwekundu, akanipa wa kijani. Sikucheka tena. Kisha siku moja nikaona, katikati ya magenge mekundu aliyokuwa akiyachora, bonge la kijani limeota kama ukungu kwenye mkate. Mwenyewe alikuwa anapiga mluzi, ameridhika.

Nilifungua mdomo niseme. Mungu ni shahidi. Lakini utamwambiaje mtu kwamba macho yake yamemsaliti, naye hana kingine? Badala yake nilizichukua tyubu zote za rangi ya kijani nikazifungia kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo na zipu. Lebo za tyubu zake zilikuwa zimefunikwa na rangi siku nyingi. Hakuwahi kuzisoma, alijua kwa jicho.

"Sanduku langu limekuwa jepesi," alisema.

"Nimetupa zilizokauka."

Uongo wa kwanza ulinitoa jasho. Uliofuata ulitoka wenyewe. Nilimshawishi aende kupimwa macho, nikisingizia miwani ya kusomea. Akasema herufi anaziona vizuri, na kweli aliziona. Sikumshinikiza. Mwaka ukapita hivyo, picha zake zikabaki nyekundu, nami nikajiona mke mwerevu.

Kisha mdogo wangu akajifungua, nikaenda kumsaidia majuma mawili. Huku nyuma shati la Magenge likang'oka kifungo. Akafungua droo kutafuta kingine, akakuta tyubu. Akadhani ni nyekundu zake za zamani nilizozisahau humo. Kwa furaha akatundika turubai kubwa kuliko yote aliyowahi kuyachora, na niliporudi lilikuwa limeshapelekwa kwenye ukumbi wa maonyesho. Nililiona siku ya ufunguzi, pamoja na watu wote.

Ukuta mzima wa korongo, juu hadi chini, ulikuwa wa kijani. Kila ufa ulikuwa mahali pake, kila kivuli kimetulia. Sikuwahi kuona mkono wake ukifanya kazi vizuri kuliko pale.

Mwalimu wa sanaa aliyekuwa mgeni rasmi akashika kipaza sauti. "Mzee wetu, miaka yote magenge mekundu, leo umetuletea ya kijani! Ujasiri huu umeutoa wapi?"

Makofi. Magenge akatabasamu. "Ya kijani yapi?"

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wake. Akacheka nao kidogo, kisha akaacha. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa turubai. Akageuka, akanitafuta kati ya watu.

"Bibie, hii ni rangi gani?"

"Kijani."

"Yote?"

"Yote."

Akanikazia macho. "Mbona wewe hushangai?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Ulijua," akasema polepole. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Daktari wa macho alisema mshipa wa kila jicho ulikuwa umeharibika kidogo kidogo. Wekundu ndio uliotangulia kuondoka, rangi nyingine zingefuata. "Mngekuja mwaka mmoja nyuma," alisema, kisha akaandika kitu kwenye faili. Husemwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha ya mwenzangu.

Kiangazi kilipokaribia kwisha aliniomba nimpeleke korongoni. Hakubeba turubai. Tulikaa ukingoni, jua likashuka.

"Haya, niambie," akasema.

Nikamwambia kwa lugha ya fundi nguo. Juu, rangi ya tofali. Katikati, damu iliyokaukia kwenye kitambaa cheupe, ile isiyotoka kwa sabuni. Chini, zambarau, halafu giza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Ndivyo lilivyo kweli?"

"Ndivyo."

"Au unaniambia ninachopenda kusikia?"

Nililia mpaka kifua kikauma. Alitoa leso mfukoni akanipa, lakini hakunishika.

"Sikuchukii," alisema. "Ila nikikusikia, sijui tena lini ni kweli."

Rangi zake alizigawa kwa wanafunzi wa yule mwalimu. Sasa macho yanamwonyesha vivuli tu. Upande wa dirishani uko wazi, na ingawa nahitaji mwanga, sijathubutu kuhamishia cherehani yangu pale. Tunakula pamoja, bado ananiita Bibie. Nikimwambia mvua inanyesha, hunishukuru, kisha hutoa mkono nje ya dirisha.

Juzi nilimwambia shati lake la bluu liko kitandani, nimelipiga pasi. Akaitikia vizuri. Nilipopita mlangoni nilimwona amesimama, analipapasa kola, mikono, mfuko, kifungo kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mtu asiyemjua.