Nafasi Kati ya Bomba na Bomba

Kisu kilikuwa kimeshazama chini ya sitaha niliposikia mlango wa gari ukibamizwa huko barabarani. Nilidhani ni gari la jirani. Baba na mdogo wangu Elifuraha walikuwa wameondoka alfajiri kwenda kliniki ya macho, na kliniki ile haikuwahi kumwachia mtu kabla ya saa tisa. Ilikuwa saa tano na robo. Nikainamia tena kazi yangu. Tone la jasho liliniponyoka puani likaangukia mbao, nikalifuta kwa kiwiko, na katika kulifuta mkono ukateleza.

Sauti yake ilikuwa ndogo, kama njiti ya kiberiti inayovunjika. Ufa ulianzia kwenye tundu la bomba la katikati ukakimbia hadi tezi, nyuma kabisa ya ile meli ndogo ya mezani, ukavikata vile vipande vya mbao ambavyo Baba alivilaza kimoja kimoja kwa miezi saba.

Halafu nikasikia fimbo yake ikigonga mawe ya uani.

Ni miaka mitatu sasa, na bado zipo asubuhi ninazoamka nikiwa nimekunja vidole kana kwamba nimeshika kisu kile.

Baba yangu, Mzee Ebenezeri, alikuwa fundi seremala. Nusu ya milango ya Mbokomu, kwetu mlimani, ilitoka mikononi mwake, na madawati ya kanisani, na majeneza ya watu aliosoma nao. Alipotimiza miaka sabini na nane, jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha zimwa na presha ya macho, na la kushoto lilikuwa linafuata. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alituambia kwamba kilichopotea hakirudishwi, na kilichobaki kingeweza kucheleweshwa tu. "Kwa sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo," alisema. Nilimuuliza tundu hilo litabaki wazi kwa muda gani. Akasema tuhesabu kwa miezi.

Tukapanda kurudi nyumbani. Tulipofika alimwita Elifuraha, akamwamuru atoe lile gogo la mringaringa lililokuwa nyuma ya banda la ng'ombe, limekaukia pale miaka kumi na zaidi likisubiri sijui kazi gani. Kisha akanigeukia mimi.

"Eunike, wewe kazi yako ni kuchora. Nitafutie manowari ya bomba tatu ilivyokuwa. Yote, mpaka msumari. Ila usinikisie."

Sikuhitaji kuuliza ni manowari gani. Katika nyumba yetu ilikuwa moja tu: Königsberg, ile meli ya Wajerumani iliyozama mtoni Rufiji mwaka 1915, ambayo watu wa pwani waliipa jina kwa bomba zake za moshi. Meli ilipokufa, mizinga yake ilitolewa majini, ikafungwa magurudumu, ikavutwa nchi kavu kwa kamba na mabega ya watu. Mmoja ulifika Kahe, kwenye uwanda ule unaouona kutoka uani kwetu mawingu yakifunguka. Ndekirwa, babu yake Baba, alichukuliwa kwenda kuuvuta.

Baba alimkuta Ndekirwa akiwa mzee, na kazi yake ya utoto ilikuwa kumkanda bega kwa mafuta ya ng'ombe, bega ambalo halikurudi mahali pake. Akikandwa, mzee alisimulia: kamba, tope, kiu, na wale walioanguka wakaachwa pembeni mwa njia. Na kila alipomaliza aliuliza swali lilelile. "Lakini hiyo meli yenyewe, ilikuwaje?" Hakuna aliyemjibu. Alikufa hajaiona bahari hata siku moja.

Basi nikaanza kutafuta. Mimi ni mchora ramani za viwanja katika ofisi moja kule Bomang'ombe. Maisha yangu yote ni vipimo. Nilisoma usiku, nilisoma saa ya chakula cha mchana. Nilijua mizinga ilikuwa kumi. Nilijua majina ya maofisa na uzito wa makaa waliyopakia. Kuhusu watu waliovuta mizinga nilikuta idadi tu, na idadi yenyewe ilibadilika kutoka kitabu hadi kitabu. Jina la Ndekirwa sikulikuta. Sikulitegemea, lakini niliona uchungu vilevile.

Mchoro nikaupata. Ulikuwa mzuri, safi, una vipimo vyote. Niliuchapisha kwa kipimo cha moja kwa mia, karatasi ikatoka ndefu kuliko meza yetu ya chakula, na Baba akaipigilia ukutani karakanani. Alifanya kazi tangu jua linapochomoza hadi saa nane mchana. Baada ya hapo mwanga ulimkataa. Akipumzika alifumba jicho, kama mtu anayepunguza utambi ili mafuta yafike asubuhi. Bomba za moshi alizikata kwenye mrija wa shaba wa friji bovu. Sitaha aliilaza kwa vipande vyembamba vya mbao, kila kimoja kikipigwa msasa, kikipulizwa, kikipapaswa, ndipo kikatiwa gundi. Mwezi wa saba wa kazi hiyo nilichukua likizo, nikahamia nyumbani kabisa ili nimsaidie umaliziaji.

Wiki ya kwanza ya likizo hiyo nilishuka mjini kuchapisha picha. Nilikuwa nimemwandikia mzee mmoja wa Ujerumani, mtengenezaji wa meli ndogo kama sisi, nikimuuliza habari za mashua za pembeni. Alinijibu kwa ukarimu, akaniambatishia picha nne na mistari michache. Mashua alizieleza. Mwishoni akaongeza, kwa adabu, kwamba mchoro niliomtumia haukuwa wa Königsberg. Ulikuwa wa meli dada. Zilifanana sana, alisema, isipokuwa nafasi kati ya bomba na bomba.

Nilisimama pale kwenye duka la steshenari, watu wakinipita na vyeti vyao vya kudurufu, nikatoa bikari kwenye mkoba. Nikapima picha ya kwanza. Bomba la kwanza hadi la pili, la pili hadi la tatu: sawa kwa sawa. Nikapima mchoro wangu. Nafasi moja ilikuwa kubwa kuliko nyingine. Nikapima picha ya pili, ya tatu, ya nne. Dada wa duka akaniuliza kama najisikia vibaya, akanivutia stuli.

Kwenye meli yetu tofauti ile haikuzidi upana wa kidole. Lakini matundu ya bomba yalikwisha kutobolewa, na sitaha nzima ilikuwa imelazwa kuyazunguka. Kusogeza bomba moja ni kung'oa sitaha. Kung'oa sitaha ni kurudi miezi saba nyuma, na miezi saba Baba hakuwa nayo.

Nilikunja picha zile, nikazificha chini kabisa ya mkoba.

Siku ya kwanza nilijiambia nitamwambia baada ya chakula. Ya pili nilijiambia nimwache alale kwanza. Ya tatu alikuwa na furaha. Kila jioni aliniita, "Eunike, njoo uone," nami nilikwenda, nikainama, nikasema, "Imekaa vizuri, Baba." Mtori wa ndizi niliuacha nusu bakuli. Nilianza kuhesabu kila kitu anachogundisha, kila kijibomba cha hewa, kila ukingo, kwa sababu kila kimoja kilikuwa kitu kingine cha kuja kung'oa. Usiku nilijitetea kama mtu aliye barazani mbele ya hakimu: nani atakuja Mbokomu na bikari? Nani atajua? Na jibu lilikuwa lilelile: mimi. Alinikataza kitu kimoja tu, kukisia, nami nilikuwa nimemletea meli nyingine.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa ya kliniki. Nikaona nafasi. Nitakata kipande cha katikati tu, nisogeze bomba, nizibe kwa vipande vipya, nipake vumbi la mbao, na akirudi saa tisa au saa kumi gundi itakuwa imekauka. Leo nikisimulia naona ni wazimu. Asubuhi ile niliona ni huruma.

Fimbo ikafika mlangoni. Nyuma yake Elifuraha alisema, "Daktari ameitwa kwenye dharura, wametupangia Alhamisi," kisha akaona meza.

Baba hakuwa ameona. Aligeuza kichwa upande kidogo, kama alivyozoea, ili akunase ndani ya lile tundu lake.

"Nasikia harufu ya mbao," akasema. "Nani anakata?"

"Ni mimi, Baba."

Akaja polepole. Akaiegemeza fimbo kwenye jiliwa la kubania mbao, akaweka viganja vyote viwili juu ya omo, mbele ya meli, akavitembeza kurudi nyuma. Vikafika kwenye ufa. Vidole vikaufuata mpaka mwisho, vikarudi, vikaufuata tena.

Nilimwambia yote. Nilitoa picha mkobani nikampa ya kwanza. Aliisogeza karibu na jicho, akaisogeza huku na huku, akitafuta bomba moja baada ya jingine, kwa kuwa zote tatu kwa pamoja hakuweza kuziona.

"Ulijua lini?"

"Leo ni siku ya kumi na mbili."

Akakaa kwenye kigoda chake. Akaiweka picha magotini. Ng'ombe alilia bandani, Elifuraha akapata kisingizio cha kutoka.

"Mchoro kukosewa ni jambo la kazi," alisema hatimaye. "Hata mimi niliwahi kumchongea mtu jeneza fupi, tukalipanua huku waombolezaji wanangoja nje." Hakucheka. "Lakini siku kumi na mbili, Eunike. Hizo hazikuwa zako. Hizo ungenipa."

Akachukua fimbo yake akatoka.

Siku tatu hakunisemesha. Kila asubuhi nilimsalimu, "Shikamoo, Baba," naye akajibu, "Marahaba," kisha basi. Karakana ilifungwa. Alikaa mgombani ameelekeza uso kusini, kwenye uwanda, na mimi nilimtazama kutoka jikoni nikihesabu: leo nyingine, na leo nyingine. Nilitamani anitukane. Elifuraha aliniambia nifungashe nirudi Bomang'ombe, mzee atapoa. Sikuweza. Niliogopa kwamba nikiondoka jicho lile litafumbika nisipokuwepo, na kitu cha mwisho lilichokiona kutoka kwangu kiwe ufa.

Siku ya nne, kabla hakujapambazuka vizuri, niliamshwa na tindo. Ngo. Ngo. Kimya. Ngo. Nilikimbia nje na kanga moja. Mlango wa karakana ulikuwa wazi, na Baba alikuwa anaing'oa sitaha yake mwenyewe, kipande kwa kipande, akitupa vipande kwenye debe. Karibu nusu ilikuwa imekwisha. Mbavu za meli zilikuwa nje.

Hakugeuka. "Lete bikari," akasema. "Na zile picha. Na uvae, kuna baridi."

Tukaanza upya. Sikurudi kazini likizo ilipoisha; niliomba nyingine, bila malipo, wakanipa kwa shingo upande. Sasa tulilaza mbao watu wawili, yeye kushoto, mimi kulia, na upande wangu ulichelewa daima. Alinifundisha kutoamini jicho peke yake: kupitisha ukucha kwenye kiungo, kusikiliza unapokwama. Sikujua wakati ule kwamba alikuwa anajiandaa na yeye.

Mwezi wa pili tangu tuanze upya, asubuhi moja, alinyoosha mkono kuchukua kopo la gundi, na mkono ukapita kando yake, ukashika hewa. Akaurudisha, akatafuta tena taratibu juu ya meza hadi akalipata. Nilimsogezea kipande kilichofuata. Aliendelea kupaka gundi, na kipande kikakaa pale pale kinapotakiwa kukaa. Masika yalipoingia aliniuliza kama taa imewashwa. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Nilidhani ataacha. Alisema tu, "Tumebakiza bomba," na akaomba mtori wake mapema.

Tulizisimamisha siku ya Jumamosi. Elifuraha alikuja kushuhudia, akasimama mlangoni na buti zake zimejaa tope. La kwanza lilikaa. La tatu likakaa. Baba akalishika la katikati kwa mikono yote miwili, akalishusha kwenye tundu lake jipya, akalizungusha kidogo, akalituliza. Nilikwenda kusimama upande wa omo, nikapiga magoti ili macho yangu yalingane na sitaha.

"Nafasi?" akauliza.

Nikapima kwa bikari mbele na nyuma. "Sawa kwa sawa."

"Limenyooka?"

Nikatazama. Uso wake ulikuwa umeelekea kwangu, si upande tena, umeelekea moja kwa moja, kama uso wa mtu anayesubiri kusomewa barua. Mvua ilikuwa inapiga bati. Pale mlangoni Elifuraha alinitikisia kichwa: sema ndiyo, mzee amechoka.

"Hapana, Baba," nikasema. "Limelalia kulia. Kama unene wa ukucha."

Akafikiri.

"Ukucha wangu au wako?"

"Wako."

"Basi ni mwingi," akasema, akaling'oa.