Kikao cha Kiguu na Njia

Shangazi alinibandika jina la Kiguu na Njia tangu Jumamosi yangu ya kwanza nyumbani kwake. Nililipokea. Kama kupanda treni asubuhi, kushuka kwenye mji wa kale, kuzunguka ngome na vichochoro mpaka miguu iwake moto, kisha kurudi kabla ya chakula cha jioni ni kosa, basi mimi ni mkosaji sugu, na sikuwa na mpango wa kutubu.

Sikwenda nchi za watu kuuza sura. Nilikuwa nasoma uhandisi wa maji, Jumatatu hadi Ijumaa, na alama zangu hazikuwa na kasoro. Ila Jumamosi ilikuwa yangu. Hilo Shangazi hakulielewa hata kidogo. Yeye alikuwa akifua mashuka ya hospitali tangu mimi sijazaliwa, na njia alizozijua ni ya kazini, ya dukani na ya kurudi nyumbani. Mgeni hazururi, aliniambia huku akipiga pasi. Mgeni akionekanaonekana anajitafutia balaa.

Balaa lenyewe nililipigisha picha. Katika mji mmoja wenye ukuta mnene kulikuwa na gereza la zamani, sasa ni makumbusho. Niliingia kwenye selo, nikashika nondo, nikakunja uso kama mfungwa, nikampa mtalii mmoja simu yangu anipige picha. Nikairusha picha kwenye kundi la ukoo bila neno lolote, kisha nikazima simu ili chaji inifikishe nyumbani.

Loo, nilipoiwasha ndani ya treni, ukoo mzima ulikuwa umeshaamini nimefungwa. Baba Mdogo, tunayemwita Spika kwa jinsi anavyopenda kuongoza vikao, alikuwa anatafuta wakili. Mama alikuwa amelazwa sebuleni anapepewa. Nikaeleza, nikaomba radhi, nikacheka kidogo, na kile kicheko ndicho kilichoniponza. Baba akaitisha kikao cha simu Jumamosi iliyofuata asubuhi, na hoja ilikuwa moja: nibaki au nirudishwe. Hakuwa ananitisha tu. Shangazi ndiye aliyeniandikisha kama mwenyeji wangu. Akisema hanitaki, kibali changu kinakufa na chuo kimekwisha.

Vikao vyetu vina utaratibu wake. Simu ya kule inawekwa mezani, sauti inafunguliwa, watu wanasema kwa umri, na mtuhumiwa anasema mwisho, tena kwa kifupi. Huku kwetu Shangazi aliilaza simu juu ya meza ya kupigia pasi, yeye akakaa upande ule na mimi upande huu. Hatukutazamana.

Baba alisema machache, na ndiyo yaliyoniuma. Alisema amenituma kusoma, si kwenda kukodolea macho mawe ya watu. Spika yeye alisema mengi, mpaka nikapotea njia katikati. Kisha ikafika zamu ya Mama, anayejua kunichomoa kwenye matata tangu utotoni. Akauliza kwa upole kama zile safari si sehemu ya masomo, maana miji ya kale haikosi visima na mifereji. Nilichohitaji ni kusema ndiyo, yaishe. Lakini hasira ikanipanda. Kwa nini nijifiche nyuma ya mwalimu ili niruhusiwe kuona dunia?

“Hapana, Mama,” nikasema. “Nakwenda kwa sababu napenda. Na leo nakwenda tena.”

Kule Spika akakohoa kama mwenye jambo. Baba akaniuliza najiona nani, mbona Shangazi ameishi huko miaka yote hiyo, ametulia kwake, na hakuna kilichompungukia. Hapo adabu ikanitoka.

“Shangazi, taja mji mmoja uliokwenda kuutembelea tangu uje huku. Mmoja tu.”

Akaishika pasi iliyokuwa baridi, akaisogeza kidogo, akairudisha palepale. Ukoo mzima ulikuwa unamsubiri, na nilisikia kiti cha mtu kikilia kule nyumbani. Nilijua nimemchoma pabaya, roho ikaniuma kweli, lakini swali sikulifuta. Nilikuwa nimeliogopa jibu lake tangu siku niliyofika, maana nilijua ndilo litakalokuwa langu nikikubali kutulia.

Baba akaona kikao kinamponyoka. Akamwamuru dada yake aseme neno moja tu, ananitaka au hanitaki, watu wafunge kikao.

“Nimeona mashuka, Kaka,” Shangazi akasema taratibu. “Mashuka tu.”

Akanyoosha kidole, akakata simu. Amemkatia kaka yake mkubwa, kikao hakijafungwa, na Spika yupo. Katika ukoo wetu jambo hilo halijawahi kutokea. Simu ikaanza kuita papo hapo. Akaifunika kwa taulo na kulichukua koti lake mlangoni.

“Umeniaibisha mbele ya watu, na leo sikusamehe,” akaniambia. “Kavae viatu. Na usinisemeshe mpaka tufike.”