Mkebe wa Kumbikumbi Uliofika Kwenye Barafu

Kumbikumbi wa kwetu Tongaren hawangoji mvua ya kweli. Unafunika kichuguu kwa vijiti, majani ya ndizi na blanketi kuukuu, unaacha kitundu kimoja, kisha unakaa chini na kugonga vijiti viwili polepole, kama matone. Wao wanafikiri mvua imeanza, wanatoka. Nimegonga vijiti hivyo tangu nikiwa darasa la pili, na mwezi wa nne mwaka huu niligonga siku mbili nzima kwa ajili ya mjukuu wangu Jentrix.

Jentrix anafanya kazi kwenye meli. Si meli ya mizigo. Inabeba watalii wazee wenye makoti mekundu, inawazungusha kule juu kabisa ya dunia, Grinlandi, ambako vipande vya barafu vinavyoelea ni vikubwa kuliko kanisa letu la Kiminini. Misimu miwili amekuwa akiosha sufuria. Msimu huu aliambiwa safari zikiisha vizuri atapewa jiko, awe mpishi kamili. Hilo ndilo alilotaka tangu akiwa mdogo akininyang'anya mwiko.

Basi nikakaanga kumbikumbi kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, nikawaanika, nikajaza mkebe wa mafuta ya Kimbo wa nusu kilo mpaka kifuniko kikagoma. Nikaufunga kwa kitambaa cha maua. Sikuuliza kama meli inaruhusu. Nani huomba ruhusa ya kumpa mtoto chakula cha njiani?

Mwezi wa nane, asubuhi, nikiwa nachambua maharagwe, simu ikalia.

"Kukhu," Jentrix akasema, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, "wanataka kunirudisha nyumbani."

Nikaweka ungo chini. Akanieleza yote, na mimi nayaeleza vile alivyonieleza.

Meli ilifika kijiji kimoja cha Wainuit, wenyeji wa huko, nyumba za mbao nyekundu, samawati na manjano juu ya mawe matupu, mti hata mmoja hakuna. Barafu ikaziba njia ya kutoka, ikabidi walale hapo. Wafanyakazi wakapewa saa mbili za kushuka. Kulikuwa na mama mzee aliyekuwa akikaribisha kila anayepita kwa kahawa na keki, kwa sababu mjukuu wake mdogo alikuwa ameanza shule siku hiyo. Mimi nilingoja kusikia jina gumu la huko. Kumbe anaitwa Karolini. Karolini, kama yule mama anayetupigia ngoma kanisani.

Huyo Karolini akaleta ngozi ya nyangumi, mbichi, pamoja na mafuta yake. Watalii wawili wakaificha kwenye tishu. Jentrix akatafuna. Anasema mwanzoni inateleza, halafu unakuja utamu kama wa njugu mbichi. Mama wa watu akafurahi, akamjazia bakuli awapelekee wenzake waliobaki melini.

Shida ilianzia kwenye hilo bakuli. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Jirani akikuletea uji wa mgonjwa, kikombe kinarudi na mayai mawili, au ndizi, au hata chumvi kidogo. Jentrix nimemlea mimi. Na ndani ya ile meli yote hakuwa na chakula chake ila ule mkebe. Kesho yake akauweka ndani ya bakuli, akafunika kwa kitambaa changu, akapanda boti ya kwanza, akampelekea.

Sasa, sheria ya meli ni kwamba hakuna chakula cha kushuka nacho kijijini, na wadudu ndio kabisa. Hata viatu vinasuguliwa kwa brashi kabla ya kushuka, mbegu ya nyasi isipite. Mtalii mmoja akarudi na picha, akamwonyesha kiongozi wa safari, Bwana Henriki. Pichani ni Karolini, ameshika kumbikumbi kwa vidole viwili, anacheka. Henriki hakucheka. Aliamua Jentrix aende naye kuwachukua wale wadudu na kuomba msamaha, kisha bandari inayofuata ashuke na mizigo yake.

"Kukhu, nitamnyang'anyaje mtu chakula nilichompa?"

Mkebe ulikuwa wangu.

"Enda," nikamwambia. "Vua viatu, salimia, ukae kabla hujasema kitu. Na huyo Henriki umwambie kosa ni la kukhu wako, anipigie mimi."

"Utamwambia nini na hicho Kizungu chako cha darasa la saba?"

"Nitamwambia kwa Kibukusu. Atasikia tu."

Akacheka huku amejaa mafua ya kulia.

Nikarudi kwa maharagwe. Nikayachambua, nikayarudia, nikayarudia tena. Jirani yangu Wekoye akasimama mlangoni akauliza kama natafuta mawe ama nayapanda. Simu ikaja jioni.

Walipofika, Henriki alianza kueleza akiwa mlangoni. Karolini akamwonyesha kiti. Yule mzungu miaka kumi na moja analeta meli hapo na hajawahi kukaa ndani ya nyumba hata moja, kazi yake ni kusimama nje akihesabu watu. Akavua buti. Soksi ilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia. Akapewa kahawa, akaeleza sheria yake yote, binti wa Karolini akitafsiri.

Karolini akauliza kama wale wadudu walikuja hai. Jentrix akasema walikaangwa na chumvi, nyumbani kwao. Karolini akasema basi wamechelewa, yeye na watoto na mchungaji wamemaliza. Kisha akamgeukia Henriki.

"Meli zako zimekula hapa miaka yote," akasema. "Huyu ndiye wa kwanza kunirudishia bakuli."

Henriki akatazama kikombe chake, akaomba kahawa nyingine. Walipoaga, Karolini akatoa ule mkebe wa Kimbo. Alikuwa ameuosha, na ulikuwa mzito. Ndani alikuwa amepanga samaki wakavu.

Njiani kwenye boti Henriki akasema barua ya onyo ataandika, sheria ni sheria, na siku nyingine aulizwe kwanza. Habari ya bandari inayofuata hakuitaja tena. Wiki ya mwisho ya safari, mpishi mkuu akampa Jentrix aproni mpya na jiko la supu.

Alirudi mwezi wa kumi. Nilimpokea Kitale, na mkebe hakuuweka kwenye sanduku, aliupakata kama mtoto. Samaki walikuwa wagumu kama gome. Tukawalowesha, tukawapika kwa njugu ya kusaga, tukala na ugali. Wekoye akasema ati wananuka. Alikula watatu.

Sasa mkebe uko kwenye rafu, mtupu, na kila nikipita naona kama unaniuliza utarudi lini kwa Karolini. Safari hii Jentrix ameuliza kwanza. Henriki amejibu kwamba atawaomba wakubwa wa kijiji kibali kwa maandishi, mradi kumbikumbi wawe wamekaangwa vizuri, na mikebe iwe miwili.

Vichuguu vya Tongaren viko kimya mpaka mwezi wa nne. Vijiti nimeshavikata.