Editha Anaonja Kwanza

Uvumi ulimkuta Eufrazia sokoni Mabibo akichagua nyanya, na tangu hapo haukumtoka kichwani. Editha, waliyemzika wiki tatu nyuma, karudi kazini. Kila siku saa kumi alasiri yuko kwenye kigoda chake kilabuni kwa Stanley, Tandale, anaonja pombe ya komoni.

Kwamba marehemu katoka kaburini, hilo halikumsumbua sana Eufrazia. Kilichomsumbua ni kuwa muuzaji wa kilabu hicho sasa ni Jesca, binti yake.

Miaka kumi na moja yeye na Editha walipika komoni uani: unga wa mahindi, kimea cha ulezi, na kungoja. Yeye alikoroga, mwenzake akaonja. Kwa funda moja Editha alikuwa anakwambia kimea hiki kilianikwa siku ya mawingu. Ndipo Stanley akamchukua akauze kwake, maana wanywaji wa pale hawagusi ndoo mpaka muuzaji atoe sumu, yaani anywe funda la kwanza mbele yao.

Jumamosi moja Editha alimeza funda hilo, akasema, "Stanley, hii inakwaruza."

Stanley akamjibu kwamba wateja wanasubiri. Jumapili Editha hakuiona njia ya kanisani, macho yamejaa ukungu. Jumanne wakamzika. Msibani ilisemwa presha.

Eufrazia alifika kilabuni saa kumi na robo. Editha alikuwepo, kavaa kitenge walichomzikia, udongo mwekundu umemganda visiginoni. Jesca alimwamkia Editha, akampa kata ya komoni.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

Akanywa, akafuta mdomo. Wanywaji wakasogeza makopo. Mzee Gervas, fundi viatu, alilalamika tu kwamba huyu mama tangu afe anapiga mafunda makubwa.

"Na wewe kufa, uone kiu yake," Editha akamwambia. Watu wakacheka.

Eufrazia akachuchumaa pembeni ya kigoda.

"Mwenzangu, ikoje?"

"Sijui, Mama Jesca. Tangu nife sisikii ladha. Hata ukinipa mafuta ya taa nameza."

"Sasa unaonja nini?"

"Stanley kanifuata makaburini. Kasema bila mie, funda la kwanza atakunywa Jesca. Ningefanyaje?"

Eufrazia alisimama, akawaeleza wanywaji yote: dumu la bluu aliloliona nyuma ya choo akiingia, spiriti inayomiminwa pipani ili pombe ya siku moja ileweshe kama ya siku tano, na kwamba anayewaonjea hawezi kufa mara ya pili. Walimsikiliza kwa adabu.

"Lakini kaonja?" aliuliza Mzee Gervas.

"Kaonja," Eufrazia alikubali.

"Basi." Akanyoosha kopo.

"Mama, nenda nyumbani," Jesca alisema bila kumtazama. "Mie sinywi."

"Unawapimia."

Jesca akajaza kopo la mzee.

Ijumaa Mzee Gervas alitoka kilabuni akipapasa ukuta. Msibani kwake ilisemwa sukari. Wiki iliyofuata, saa kumi, alikuwa kakaa kando ya Editha, viatu kavua, anadai na yeye aonje. Stanley akamletea kigoda. Wateja wakaongezeka, kwa kuwa ndoo sasa inaonjwa na wawili.

Jesca hakuacha kazi. Eufrazia akachana karatasi ya daftari, akaandika kwa herufi kubwa, akamtilia binti yake kwenye pochi:

Usinywe pombe iliyoiva kwa siku moja.

Usinywe inayokwaruza koo, hata wenzio wakisema ni tamu.

Usimpimie mtu pombe ambayo hukuiona ikipikwa.

Usikae karibu na dumu la bluu.

Ukiona ukungu machoni usilale, usingoje kesho, nenda hospitali.

Usiamini ndoo kwa sababu mama yako mkubwa Editha kainywa. Anakupenda, lakini amekufa.