Safari Aliyoipanga Emilienne

Kwanza mjue hivi: Emilienne hakukasirika kwa sababu hakualikwa. Watu wangapi hawaalikwi, na bado wanakula na kulala? Alikasirika kwa sababu ya neno ambalo wifi yake, Dieudonnée, alilitoa mbele ya wanawake wa kwaya pale Kasongo, siku walipokuwa wanapanga nani atakwenda Kigoma, ng'ambo ya ziwa, kumuoza binti yake Naomie, aliye huko tayari.

"Emilienne abaki," Dieudonnée alisema. "Bibi harusi anapakatwa na mwanamke mwenye kuzaa. Tasa akikaa ule mkeka, anamupatia mutoto mukosi."

Desturi ya watu wale iko hivi. Siku ya kumtoa msichana, mkeka unatandikwa, mama yake anakaa na kunyoosha miguu, na msichana anakaa juu ya mapaja yake mbele ya watu wote. Ndipo mama wa bwana harusi anakuja kumuinua. Anainuliwa kutoka kwa mtu, ili hata mjinga aone kwamba ana kwao. Mama asipokuwepo, anakaa shangazi.

Sasa niambieni, huyo Naomie alilelewa na nani? Dieudonnée alimzaa, sawa, habishi mtu. Lakini tangu mtoto ana miaka minne mpaka anamaliza shule, baba yake André na mama yake walikuwa Lusangi wakichimba dhahabu, na mtoto alilala kwa Emilienne, dada wa baba yake. Surua ilipompiga, Emilienne ndiye aliyembeba mgongoni kwenda kwa muuguzi, mvua inanyesha. Halafu leo anaambiwa mkosi!

Neno lilimfikia kabla jua halijashuka, maana Kasongo hakuna ukuta wa kuzuia neno. Hakulia. Alisugua sufuria moja mpaka mikono ikamuuma, akasema kwa sauti, peke yake jikoni: "Dieudonnée, utanijua."

Wiki ile ile, Jumapili baada ya misa, Dieudonnée mwenyewe akaja, na sura ya kondoo. Wasafiri walikuwa tisa, naye ndiye kiongozi wao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka ziwa. Emilienne alikuwa amefanya miaka kumi na mmoja akileta vitenge kutoka Kigoma. Jeuri ya huyo mwanamke! Anakufuta kwenye orodha, kisha anakuja kukuuliza njia.

"Wifi, weye ndiye unajua," Dieudonnée akasema. "Tufanye namna gani?"

"Kaa," Emilienne akajibu, tena kwa upole. "Leta daftari, uandike."

Akampangia safari, na aliipanga vizuri kweli. Kutoka Kasongo wapande moto, zile pikipiki za abiria, alfajiri, wawili kwa kila moto, wasikubali watatu hata dereva aape. Walale Wamaza, wasilazimishe kufika Kabambare siku moja, maana mvua ikinyesha ule udongo unameza gurudumu. Kutoka Kabambare waelekee Fizi, kisha Baraka, na hapo wapate boti. Nguo za harusi waziingize ndani ya bidoni, dumu la plastiki lililokatwa mdomo, walifunge kwa mpira, kwa sababu mawimbi hayaulizi nani amevaa kitenge kipya. Kila mtu awe na lesepase yake, ile karatasi ya kuvukia mpaka, na picha nne, na nakala zikae kwa mtu mwingine. Wasibebe mzigo wa mtu wasiyemjua, hata akilia. Wale kidogo kabla ya kupanda boti. Na wakifika Kigoma wasogeze saa mbele, maana kule wametangulia saa moja, wasije wakafika kanisani watu wanatoka.

Dieudonnée aliandika mpaka kidole kikakauka. "Aksanti, wifi. Na chanjo je? Nasikia wanataka kadi ya njano."

Emilienne alijua kadi ile kama anavyojua kiganja chake. Ukidungwa sindano ya homa ya manjano leo, kadi haihesabiki mpaka siku kumi zipite. Yake mwenyewe ilikuwa ya zamani, inamtosha maisha. Harusi ilikuwa Jumamosi ya juma lililofuata, siku kumi na tatu zimebaki. Wangedungwa kesho Kasongo, wangepita bila tatizo lolote.

"Musidungwe huku," akasema. "Ile sindano inaleta homa, na mutu mwenye homa ataanguka kwa moto. Mungoje Baraka. Bandarini iko muuguzi, dakika mbili tu, munapanda boti."

"Mungu akubariki," Dieudonnée akasema.

"Amina," Emilienne akajibu. Na alipomsindikiza mpaka njiani alikuwa anafurahi, sitawadanganya. Alifurahi kiasi kwamba usiku ule alikula ugali mara mbili.

Siku tatu baadaye akawaambia majirani kwamba anakwenda Kabambare kumsalimia rafiki. Kabambare alipita kweli, wala hakushuka kwenye moto. Jumatatu alikuwa Baraka, Jumanne yuko Kigoma, na Naomie alipomuona mlangoni alipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

"Shangazi! Mama aliniambia hautakuja!"

"Mama yako anasema mengi," Emilienne akajibu, akamkumbatia.

Alhamisi simu ikalia. Wale tisa walikuwa wamefika Baraka tangu jana, wamechoka, matope mpaka masikioni. Muuguzi wa bandarini amewadunga vizuri, ameandika tarehe, kisha amewaambia warudi baada ya siku kumi. Mwenye boti hawachukui, kwa sababu watarudishwa kutoka ng'ambo kwa gharama yake. André ameomba, amegomba, ameomba tena. Hakuna. Na harusi haiwezi kusogezwa: kanisa limeshikwa, ng'ombe amenunuliwa, ndugu wa Heri, bwana harusi, wamekwisha kuja kutoka kila upande.

Dieudonnée alimsimulia Naomie yote, hata nani aliyewaambia wangoje Baraka, na msichana alilia mpaka akashindwa kushika simu. Emilienne akaipokea.

"Alo, wifi. Pole na safari."

Dieudonnée akauliza: "Emilienne? Uko wapi?"

"Niko Kigoma, kwa mutoto. Usiwe na wasiwasi. Ule mkeka hautakaa bure. Tasa atakusaidia kupakata."

Lo! Mngesikia sauti iliyotoka kwenye simu ile. Dieudonnée alilia kama mtu aliyefiwa, akaita jina la Mungu, akaita jina la mume wake. Emilienne alisikiliza mpaka mwisho, hakuharakisha. Kila kilio kilimwingia kitamu. Alipokata simu akageuka, akamuona Naomie amesimama palepale, macho makavu sasa, anamtazama.

Msichana akaingia chumbani, akafunga mlango. Ijumaa nzima alimkwepa. Emilienne akajiambia ni haya za bibi harusi.

Jumamosi, baada ya kanisa, mkeka ukatandikwa uani kwa akina Heri. Ua ulijaa. Mama Heri akatangaza kwamba wazazi wamezuiliwa na njia, lakini shangazi mtu yupo, Mungu si Athumani, na wanawake wakapiga vigelegele. Emilienne akakaa. Akanyoosha miguu, akaweka kitenge sawa juu ya mapaja. Miaka hamsini na mbili alikuwa akiwatazama wanawake wengine wakikaa hivyo. Laiti Dieudonnée angemuona sasa!

Naomie akaja polepole, shela usoni. Akapiga magoti pembeni, akainama sikioni mwa shangazi yake.

"Ulijua zile siku kumi?"

Emilienne angeweza kudanganya. Lakini alikuwa ameibeba hasira ile safari nzima, hakutaka kuificha. "Nilijua."

"Na ukawaambia wangoje Baraka."

"Mama yako aliniita tasa, Naomie. Mbele ya watu."

"Mimi nilikuita mama," Naomie akasema. "Miaka kumi na miwili. Yeye alikuita hivyo siku moja, ukamusikia yeye."

Akainuka, akapita miguu iliyonyooshwa, akakaa chini kwenye mkeka mtupu, peke yake.

Vigelegele vilikatika. Mama Heri alisimama, akamtazama Emilienne, akamtazama Naomie, hakujua afanye nini. Mwishowe akainama, akamshika msichana mikono, akamuinua kutoka chini, mbele ya ukoo mzima wa ugenini, kama mtu asiye na kwao. Mwanamke mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Kwani hana mama huyu?" Mwingine akamnyamazisha. Kisha ngoma zikaanza, watu wakawafuata maharusi kwenda kwenye chakula.

Emilienne alibaki amekaa. Alitaka kumlaani Dieudonnée, na jina lile halikutoka. Alikaa hivyo, miguu imenyooka, mpaka wanawake wawili wa nyumba wakaja kukusanya viti, wakamkuta.

"Samahani, mama," mmoja akasema. "Tunaomba tukunje mkeka."