Joho Lililofunika Shanga za Mama

Fundi alikuwa amemeza hasira tangu mlangoni mwa hoteli, na hasira haimezeki kama kidonge. Ilimkwama kooni ikawa inamtia kikohozi.

Alikuja na gauni mikononi, amelifunika shuka jeupe, kalibeba kama mtoto mchanga anayetolewa hospitali. Mlinzi akamwambia watu wa dobi wapitie nyuma. Akapitia nyuma. Alijikaza kisabuni, maana siku ile haikuwa yake. Ilikuwa ya mdogo wake, Kitinda, aliyecheza filamu moja tu watu wakaipenda kufa, na jioni hiyo angepita kwenye zulia jekundu mbele ya kamera. Tena ilikuwa siku ya mama yao.

Mama ndiye aliyezitia shanga za gauni hilo. Presha ya macho ilikuwa imemla mwanga kuanzia pembeni, akabaki anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, na daktari alishasema hata hilo tundu litazibika. Basi mama akasema, hii ndiyo kazi yangu ya mwisho, nami nataka kuiona ikitembea. Mabinti zake wakapatana naye. Mbele gauni liachwe tupu, kitambaa cheusi kisicho na kitu. Shanga zote zikae mgongoni, kutoka shingoni mpaka kiunoni, ndege wawili wakigombea ua. Kitinda atateremka garini, atapita, atageuka, atasimama. Mama atakuwa nyumbani, pua kwenye televisheni.

Sasa fundi akaingia chumbani akamkuta Kitinda mbele ya kioo, na nyuma yake amesimama mpambaji aliyeletwa na wenye filamu. Wasusi wa mle ndani walimwita Bwana Mitindo, mwenyewe akilisikia jina hilo anatabasamu. Kitandani pametandazwa joho la hariri nyekundu, refu la kuburuta.

Gauni likavaliwa, likakaa kama limemwagiwa mwilini. Bwana Mitindo akamzunguka Kitinda, akapapasa mgongo kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima vumbi kwenye kabati.

"Dada, kazi nzuri, sikatai," akasema. "Lakini huu mgongo una kelele. Hizi shanga za kizee hizi. Tutaufunika."

Akaeleza kwamba joho limeazimwa kutoka duka kubwa la nguo, na kwamba yeye amewapa wenye duka ahadi yake kuwa litaonekana. Alieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kunawa. Fundi hakumsikiliza hata nusu. Alikuwa anamtazama mdogo wake kwenye kioo, na mdogo wake alikuwa anatazama kucha zake.

"Ulijua?"

"Nilijua juzi, dada. Nilishindwa kukwambia."

"Na mama umemwambia?"

Kitinda akaongeza bidii ya kutazama kucha.

Nyongo ikampanda fundi. Alikumbuka mama alivyokuwa akiinamia kile kitambaa, shavu karibu liguse sindano, akihesabu kwa vidole pale macho yalipokataa. Alikumbuka mama akijidunga, ananyonya kidole, anaendelea. Halafu huyu anasema kelele. Akamshika Kitinda bega amvue gauni palepale, aondoke nalo, joho livaliwe juu ya ngozi kama ni zuri hivyo. Mkono ukafika kwenye kifungo, ukasita. Akiondoka na gauni, mama ataona nini? Gauni kabatini?

Bwana Mitindo hakuona lolote katika hayo. Alimvika Kitinda joho, likateleza. Akalirudisha, likateleza tena.

"Lishonee tu hapa mabegani, dada," akasema huku ameshatoa simu yake. "Si ndiyo kazi yako?"

Fundi akafungua kikoba chake. Akaacha sindano ya kawaida, akachukua ile ya ndoano.

Ndoano ndiyo waliyokulia. Inashona vitanzi, kitanzi ndani ya kitanzi kama mnyororo, na mshono wake ni imara ajabu ukishafungwa fundo mwishoni. Usipofungwa, ukivuta ule mwisho, wote unafumuka kwa mkupuo mmoja. Kitinda alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Utotoni aliona kauzi kananing'inia kwenye mkono wa gauni la bibi harusi, akakavuta, shanga zikamwagika sakafuni kama mvua ya mawe. Alichapwa, na tangu hapo akapigwa marufuku kusogelea kazi ya mtu. Ndiyo maana akawa mwigizaji, mama alikuwa akitania.

Fundi akashona mabega yote mawili kwa uzi mmoja. Mwisho wake hakuufunga. Aliupitisha chini ya joho mpaka kwapani, akauacha hapo, mrefu wa kushikika. Kisha akamwinamia mdogo wake sikioni.

"Sikufunga fundo."

Kitinda akashtuka. "Dada, usinifanyie hivyo. Leo?"

"Sijakufanyia kitu. Uzi uko kwapani, mkono ni wako. Usipovuta, usije nyumbani kumwambia mama kamera zilikosea. Utamwambia kwa kinywa chako kwamba ulimwonea aibu."

Akakunja shuka lake, akatoka. Safari hii alipita mlango wa mbele, na mlinzi alipomtazama usoni akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Nyumbani alimkuta mama ameshakaa, ameshafuta kioo cha televisheni kwa upindo wa nguo yake mpaka kinang'aa. Mama akauliza gauni limekaaje. Fundi akasema limekaa vizuri. Lilikuwa jibu la kweli, na lilimchoma.

Magari yakaanza kufika. Kitinda akateremka, joho jekundu juu ya zulia jekundu, akamezwa mzima, kikabaki kichwa.

"Mbona amejifunika?" mama akauliza. "Anaumwa?"

Fundi akauma meno. Kwenye televisheni mtangazaji alikuwa analisifia joho, anauliza habari za gauni pia. Kabla Kitinda hajafungua mdomo, Bwana Mitindo akajisogeza, akamjibia. Gauni si kitu, akasema akicheka, ni kitambaa cheusi tu cha kutundikia joho.

Hapo fundi akaona kidevu cha mdogo wake kikisogea mbele. Kile kidevu wamekirithi kwa mama, na kikisogea hivyo kuna mtu ataumia.

Kitinda akaingiza mkono kwapani, akavuta.

Joho likaanguka lote, likajikusanya miguuni pake. Akaliruka. Akazigeuzia kamera mgongo, akasimama, na ndege wawili wakawaka kwenye taa kama wanataka kutoka. Bwana Mitindo alikuwa amepiga magoti anazoa hariri. Wapiga picha walikuwa wanagombana.

Mama akainuka. Alisogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, akaufuta, akaweka tena.

"Ndege wa kushoto nimempinda shingo," akasema mwishowe.

"Hajapinda, mama."

"Amepinda. Usinidanganye, macho bado ninayo."

Simu ya fundi ikalia. Alikuwa Kitinda, yuko mlangoni mwa ukumbi, anahema. Bwana Mitindo ameapa hatamvalisha tena, wenye duka watamla mbichi. "Haya, umeridhika?"

"Sijaridhika hata kidogo," fundi akasema. "Tangu juzi umenyamaza. Kesho uje, nina maneno na wewe."

"Ni yeye huyo?" mama akauliza bila kugeuka. "Mwambie ageuke tena. Yule wa kulia sikumwona vizuri."

Fundi akakohoa.

"Mama anasema ugeuke tena."

Simu ikakatika. Kisha kwenye kioo wakamwona Kitinda akirudi nje kwenye zulia peke yake, anatembea kinyumenyume, mgongo mbele.